Nilivyopata maoni ya maana kuhusu picha zangu za wahitimu

Hapa Louisville, Kentucky, msimu wangu unaanza shule zinapofungwa mwezi wa sita na kuisha miti inapobaki mifupa mwezi wa kumi na moja. Ndani ya miezi hiyo napiga picha za vijana wanaoingia mwaka wa mwisho wa sekondari, ambao Wamarekani huwaita seniors. Aliyeko Morogoro au Mombasa anaweza kushangaa, maana kwetu mhitimu hupigwa picha siku ya mahafali, na joho lake, jua la saa saba likimchoma. Huku familia humtafuta mpiga picha miezi mingi kabla. Kijana hubeba nguo za kubadilisha, huja na jezi yake, gitaa lake, wengine na mbwa wao, halafu huzungushwa bustanini au kando ya mto hadi giza liingie. Picha moja huingia kwenye kitabu cha mwaka cha shule, nyingine hutengenezewa kadi za mwaliko, na ile kubwa hutundikwa sebuleni.

Wateja wangu wengi ni Wakongo waliopokelewa hapa kama wakimbizi, na kwao picha hiyohiyo ina safari nyingine, ya WhatsApp, kwenda Uvira, Bukavu na kambi ya Nyarugusu kule Kigoma.

Kwa muda mrefu nilichokuwa napata ni pongezi tu. Naweka picha kwenye status, watu wanamwaga moto na mioyo: "kaka unajua", "hatari sana". Raha tupu, lakini huwezi kuzifanyia kazi. Kilichonishtua ni oda. Wazazi walikuwa wanalipa, wanachukua picha za kwenye simu, wanashukuru, basi. Wakiagiza ya fremu ya ukutani, wanaagiza ileile aina moja: kijana anacheka au anatembea, jua limeshalala. Zile nilizojivunia, za kijana ameegemea mti na mandhari yote nyuma imeyeyuka, hakuna aliyezitaka. Nikaona hapo kuna watu wananiambia jambo, ila wananiambia kwa pochi.

Nikaanza kubadilisha maswali. Ukimwuliza mtu "unaionaje?" umemtega, atakujibu kwa adabu. Nilianza kuuliza: jicho lako limetua wapi kwanza? Ungefuta nini humu ndani? Kati ya hizi mbili, ipi ungeilipia? Hayo hayahitaji utaalamu, na mtu hajibu kwa kuogopa kukuudhi. Shemeji yangu, ambaye hajui lenzi wala kipenyo (tundu la lenzi linalopitisha mwanga), aliniambia jicho lake linakimbilia pipa la takataka la kijani lililokuwa nyuma ya bega la binti. Mimi nilikuwa nimeitazama picha ile wiki nzima na pipa sikuliona.

Lakini shemeji ana kikomo chake. Nikamtafuta mzee mmoja Mmarekani aliyepiga picha za wahitimu tangu enzi za filamu, sasa amestaafu, nikamwomba anikosoe kwa malipo. Nasisitiza malipo. Ukiomba bure unapewa dakika tano na maneno matamu. Ukilipa, mtu anafungua daftari. Nikamwandalia picha zangu bora. Akazikataa. Alitaka kazi nzima ya jioni moja, kila fremu, yaani kila picha niliyobonyeza, hata zilizofumba macho, kwa mpangilio nilivyopiga.

Alizipitia kimya kwenye kompyuta yangu, mbele, nyuma, mbele tena. Halafu akafanya kitu ambacho tangu siku hiyo nakifanya kila ninapochagua picha: aliigeuza picha juu chini, akaipunguza hadi ikatoshana na stempu. Uso ukipinduliwa ubongo unaacha kuona mtu, unaona madoa ya mwanga na giza tu. Kwenye picha ya kwanza doa lililong'aa kuliko yote lilikuwa kipande cha anga kati ya majani, juu ya sikio la kijana. Kwenye ya pili, viatu vyeupe. Uso ulikuwa namba tatu.

Jambo la pili lisingeonekana kabisa kwa kutazama picha bora peke yake. Alinionyesha saa zilizoandikwa kwenye mafaili. Kila pozi nilikuwa napiga fremu nyingi mfululizo, zote sawa, kisha kuna mwanya, halafu pozi jipya. Na mara nyingi, fremu ya mwisho kabla ya mwanya, ile niliyobonyeza kama bahati mbaya wakati kijana anadhani tumemaliza, ndiyo ilikuwa na uso wa mtu. Mabega yameshuka, mdomo umelegea. "Unamngoja anyooke," akasema, "halafu unaondoka anapokuwa mwenyewe." Siku hizi nasema "haya, safi, tumemaliza hapo", nashusha kamera hadi kifuani, nahesabu kimoyomoyo, napandisha napiga. Vijana wa miaka kumi na saba ni wajanja, baada ya muda wanashtukia. Hapo wanacheka, na hicho kicheko pia nakitaka.

Kitu ambacho mzee hakukiona, mama mmoja alikiona kwa sekunde moja. Nilikuwa nimempelekea picha za binti yake zilizochapwa kwenye duka la dawa (ndiyo, maduka ya dawa ya huku yanachapa picha; usiulize kwa nini). Akachukua moja, akamwita binti, akaiweka juu ya mkono wake, ngozi kwa karatasi. "Papa, mtoto yangu hana hii rangi." Kweli, hakuwa nayo. Kwenye karatasi alikuwa wa kijivu, na chini ya kidevu alikuwa na ukijani kama wa ndizi mbichi.

Nikakaa na jambo hilo, maana yalikuwa matatizo mawili yaliyobebana. La kwanza ni kipimo cha mwanga. Kamera hupima ikidhani ilichoelekezewa kina mng'ao wa wastani, yaani kijivu kinachorudisha asilimia 18 ya mwanga. Mvishe mtoto mweusi gauni jeupe, msimamishe palipo na anga nyuma, kamera itaona mwanga mwingi na itapunguza. Gauni linapendeza, uso unazama. Ukija kuupandisha uso kwenye kompyuta unapandisha na uchafu, ndipo rangi inapokuwa majivu. Dawa ni kupima shavuni, kwa kipimo cha doa, kinachosoma sehemu ndogo tu ya picha, na kuamua mwenyewe kuwa anga ikiungua kidogo iungue. Skrini yangu nayo ilikuwa inanidanganya: niliiweka mwanga mkali mno, kwa hiyo kila kitu kilionekana kimekolea vizuri mpaka kinapotua kwenye karatasi. Niliposhusha mwanga wa skrini, nusu ya ugomvi wangu na wachapaji uliisha.

Tatizo hili lina historia. Kampuni ya Kodak ilikuwa ikizipa maabara kadi za kusawazisha rangi, maarufu kama kadi za Shirley, zenye picha ya mwanamke mzungu. Ngozi yake ndiyo ilikuwa kipimo cha rangi sahihi kuanzia miaka ya 1950. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja kutolewa miaka ya 1990. Kamera za leo ni nzuri mara elfu, lakini mazoea ya macho ya wanaofundisha hayajabadilika kwa kasi hiyo. Ndiyo maana kwa habari ya rangi ya ngozi namsikiliza mama kabla ya fundi.

La pili, ule ukijani, lilikuwa nyasi. Cherokee Park, nilikompigia binti yule, ni bustani iliyochorwa mwaka 1891 na Frederick Law Olmsted, mmoja wa waliochora Central Park ya New York, na imejaa miti mikubwa na nyasi nene. Jua likipiga nyasi, nyasi zinarusha mwanga wa kijani kwenda juu, na unapotua ni chini ya kidevu na puani. Sasa kivuli natafuta kilekile, ila miguu ya kijana naiweka kwenye njia ya zege au changarawe. Zege linarusha mwanga usio na rangi. Hatua nne kutoka nyasini, na mtoto anarudi kuwa wa mama yake.

Baada ya hapo nilimwomba mzee aje asimame nyuma yangu nikifanya kazi. Naona hii ndiyo sehemu wengi wanairuka. Picha haimwonyeshi mpiga picha, na yeye alinitazama mimi zaidi ya kijana. Aligundua kwamba nikiweka kamera jichoni nakuwa bubu. Kijana amesimama mbele ya watu wanaopita, hajui kama yuko sawa au hapana, anasikia mlio wa kamera tu, na kila mlio unamkaza zaidi. Sasa naongea muda wote, hata upuuzi. Nauliza habari za mpira, naulizia nani anapika ugali mbaya nyumbani. Kwa Wakongo naongea Kiswahili kabisa. Wengi wanakificha shuleni, na kukisikia kutoka kwa mtu mwenye kamera shingoni kunawalegeza.

Aliniambia pia nivute muda mbele. Nilikuwa nafanya kazi kwa saa za nyumbani. Tanzania jua hushuka karibu wima, mwanga mzuri unapita haraka, kwa hiyo umejifunza kukimbizana nao. Huku mwezi wa sita jua linazama saa tatu usiku imeshapita, na linashuka kwa mshazari, taratibu. Nilikuwa nawaambia wateja saa kumi na mbili jioni kumbe jua bado liko juu linachimba mashimo ya kivuli machoni. Siku hizi ni saa moja na nusu. Wazazi wenye zamu ya usiku kiwandani wanalalamika, na wana haki. Hao nawasubirisha hadi mwezi wa kumi, jua linapozama saa moja hivi.

Si kila nilichoambiwa nilikubali. Mzee haoni sababu ya Daraja la Big Four kwenye picha. Ni daraja la zamani la reli juu ya Mto Ohio, sasa ni la waenda kwa miguu, na vyuma vyake vimejaa fremu nzima. Kwake ni vurugu: fungua kipenyo, f/1.8, vyuma vyote viyeyuke, abaki mtoto. Kwa mtoto wa Marekani sawa. Lakini bibi aliyeko Uvira anataka kuona mjukuu wake yuko wapi. Anataka daraja, mto, na ghorofa zile za ng'ambo. Nikiyeyusha yote hayo, mtoto angeweza kuwa amesimama popote. Nafunga hadi f/5.6, namsogeza mbali na vyuma, nahakikisha hakuna nguzo inayoota kichwani, daraja linabaki laini lakini linajulikana. Halafu kwa ajili ya kitabu cha shule, ambacho mara nyingi kinataka kichwa na mabega na nyuma patupu, napiga ya mzee pia.

Vijana wenyewe nawauliza mwisho, na nawauliza kwa simu, picha ikiwa ndogo kiganjani, kwa sababu ndivyo watakavyoiona. Wasichana wanakataa picha kwa sababu ambazo nisingezifikiria: rasta zimeangukia upande usio wake, nywele za mbele hazijalazwa. Sibishani. Nimeongeza kitana na brashi ndogo kwenye begi, na kabla ya fremu ya kwanza namwuliza upande gani ni wake.

Kinachonishinda mpaka leo ni mikono ya wavulana. Mzee alinielekeza nikatazame picha za Seydou Keïta wa Bamako, Mali, aliyepiga watu uani kwa mwanga wa jua na kitambaa nyuma, nione mikono inavyopewa kazi: redio, ua, bega la rafiki. Nikajaribu. Mmoja nikampa mpira wake wa kikapu, ukafunika kifua chote na jezi aliyoivaa kwa ajili ya siku hiyo. Mwingine akatia mikono mfukoni mpaka viwiko vikatanuka kama anataka kuruka. Wiki ijayo nina mapacha, wavulana wote wawili, na mama yao ameshanitahadharisha kuwa hawapendi kushikana.