Jina alilolivua Schmitz

Harusi ya Zuhura imepita salama na wageni wameondoka, lakini neno la Mama Mdogo bado linanichoma. Nilikuwa namweleza habari za Italo Svevo, mwandishi ninayemfasiri, akauliza, "Mbona alilivua jina la babake, mwanangu?" Nikajibu upesi mno, "Ni jina la vitabuni tu, Mama." Akasema, "Haya." Ile "haya" yake!

Ningemwambia hivi. Alizaliwa 1861 mjini Trieste, bandari ya dola la Austria wakati huo, katika nyumba ya Kiyahudi, akaitwa Aron Ettore Schmitz. Nyumbani ni Kitrieste, lahaja ya mji. Shule ikawa Segnitz, Ujerumani. Kiitaliano sanifu, kile cha asili ya Toscana, alikiandika kama mtu aliyevaa kanzu ya kuazima. Ndipo akajiita Italo Svevo: Mwitaliano Mswabia, Swabia ikiwa ya Wajerumani. Na makala yake ya kwanza gazetini, 1880, ilimhusu Shylock, Myahudi wa Shakespeare. Mwenye kuionea haya asili yake haanzii hapo.

Hiyo "haya" nimeirudia kichwani hadi usiku wa Alhamisi, na hoja yangu ikalegea. Katika lakabu ile Mwitaliano yumo, Mjerumani yumo. Aron yuko wapi? Kisha alibatizwa Mkatoliki ili kumtuliza Livia, mkewe, aliyekuwa mgonjwa. Naye Zeno, msimulizi wa riwaya yake ya 1923 ninayoifasiri, hatuambii popote kwamba ni Myahudi.

Sasa naona Mama Mdogo alishika penyewe. Zeno anasema kila neno la Kitoscana watu wa kwao wanalolitamka ni uongo. Rasimu yangu ya kwanza iliandika "Kiitaliano", na sentensi ikafa, kwa kuwa kinachomuuma ni umbali kati ya lugha ya jikoni na ya karatasi. Nimerudisha "Kitoscana". Pia nilikuwa nimezilainisha sentensi zake zinazojikwaa. Nazirudishia kule kujikwaa kwake, ukurasa kwa ukurasa. "Myahudi" sitaliongeza ndani ya riwaya. Litakaa kwenye dibaji, pamoja na Aron.

Kesho nampigia Mama Mdogo nimwambie swali lake lilikuwa la haki.

Kikohozi cha Baba kimeingia wiki ya tatu, na kwenda kupima hataki.