Uzoefu wangu: kutambua ukoo wa mlozi na mpichi kwa kitawi na kokwa

Ukitaka kujua mlozi na mpichi ina undugu gani, usianze na tunda lililoiva. Nyama ya pichi hujaa maji, ya lozi hukauka, ikapasuka na kuachia kokwa. Ndiyo maana wengi huiweka lozi kapu moja na korosho, ilhali ni tunda la kokwa kama pichi; tofauti ni kwamba hapa tunakula mbegu. Katika kupanga miti ya jenasi ya Prunus (ukoo wenye mlozi, mpichi, mplamu, mwaprikoti na mcheri) isiyokuwa na vibao vya majina, njia iliyonifaa ni kuanza na kitawi, kisha kokwa, na tunda mwisho kabisa.

Kata kitawi cha msimu uliopita, kilichokua kwa nguvu juani, kabla macho yake, yaani machipukizi yaliyofumba, hayajafumuka. Lenzi ya mkononi ya kukuza mara 10 inatosha. Tazama ncha kwanza. Mlozi, mpichi na mcheri ina jicho halisi nchani. Mplamu na mwaprikoti haina: ncha hufa na kuacha kovu dogo, na jicho unaloliona hapo ni la ubavuni. Sasa njoo katikati ya kitawi uangalie kila kifundo. Kwenye mpichi na mlozi utakuta macho matatu pamoja, la katikati jembamba lenye kutoa majani, na mawili ya pembeni manene, ambayo ni matumba ya maua. Vitawi dhaifu vya kivulini mara nyingi havioneshi utatu huo, na hapo ndipo watu hukosea. Tena baadhi ya miplamu ya Asia nayo hutoa zaidi ya jicho moja, kwa hiyo alama hii isitumike peke yake.

Macho yakianza kuvimba, kata moja kwa wembe kwa kukingama. Jani changa la mpichi, mlozi au mcheri limekunjwa katikati, nusu juu ya nusu. La mwaprikoti na miplamu mingi limeviringishwa kama mkeka. Naiamini alama hii kuliko rangi ya ua au ukubwa wa jani, kwa sababu haibadiliki kwa mbolea wala ukame.

Kwenye kokwa ndiko nakaa muda mrefu zaidi. Liloweke mpaka nyama ilegee, lisugue kwa brashi ngumu, likauke. Kokwa la pichi lina mifereji mirefu iliyopindapinda na matundu yaliyozama, kingo zake kali. La lozi ni bapa zaidi, uso umejaa vitundu vidogo, na kwa aina nyingine ganda huvunjika kwa vidole. La aprikoti halina matundu hayo ila lina ukingo mnene upande mmoja. La cheri ni laini, karibu duara. Ukikuta kokwa lenye vitundu na mifereji mifupi isiyo na kina, fikiria chotara wa mlozi na mpichi. Machotara hao wapo kweli: mmoja wao, aitwaye GF677, hutumika sana kama shina la chini la kubebeshea (kupandikizia) mipichi kwenye udongo wenye chokaa nyingi, ambako mpichi juu ya mizizi yake wenyewe hukosa chuma na majani kugeuka njano.

Usionje mbegu ili kutambua mti. Mbegu za pichi, aprikoti na lozi chungu zina amigdalini, ambayo ikitafunwa hutoa sumu ya sianidi. Isitoshe, utamu hauoneshi ukoo: lozi tamu na lozi chungu ni spishi moja, zikitenganishwa na jeni moja, na umbo la jeni hiyo linaloleta utamu ndilo linalotawala lile la uchungu. Nektarini nayo ni pichi tu iliyokosa manyoya, na huweza hata kutokea kwenye tawi moja la mpichi wa kawaida.

Majina yamehama mara nyingi. Mwaka 1753 Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, aliweka mlozi na mpichi katika jenasi Amygdalus, na miplamu, aprikoti na cheri katika Prunus. Mtaalamu wa mimea Rehder, mwaka 1940, aliweka yote ndani ya Prunus na kuigawa katika jenasi ndogo tano, yaani makundi matano ndani ya jenasi hiyo. Uchunguzi wa DNA uliochapishwa 2013 ulizipunguza hadi tatu, zikifuata mpangilio wa maua: yanayotoka moja moja au machache, yenye vikonyo vya pamoja kama cheri, na yaliyopangwa kwenye shuke. Mlozi na mpichi imo katika kundi la kwanza pamoja na miplamu na aprikoti, na naona mpango huu unaeleza vizuri zaidi yale ambayo wabebeshaji huyaona shambani. Prunus tomentosa huitwa cheri, lakini hukubali kubebeshwa mipichi na miplamu na huikataa micheri halisi. DNA nayo inaiweka karibu na miplamu.

Kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba urithi ndani ya seli, husaidia pia. Mlozi, mpichi na mcheri mtamu ina 16, mcheri mchachu 32, mplamu wa Ulaya 48. Kwa kuwa kromosomu za mlozi na mpichi hulingana vizuri, chotara wao huweza kuzaa, ingawa mlozi kwa kawaida huhitaji chavua ya aina nyingine na mpichi hujichavusha.

Ukipeleka sampuli maabara, chuma majani machanga sana na uyakaushe haraka kwa jeli ya silika, yaani chembe zinazofyonza unyevu. Majani makavu ya zamani yana utomvu na tanini nyingi zinazoharibu DNA. Omba jeni za kiini cha seli zisomwe pamoja na za kloroplasti, yaani chembe za kijani za seli za jani. Kloroplasti hurithiwa kwa mama, hivyo chotara aliyezaliwa na mlozi atasomeka kama mlozi mtupu, na baba yake mpichi hataonekana.