Tulivyopeleka sare na madaftari ya watoto 58 Lushoto kwa lori la karoti

Kila nilipotaja shule yetu, jibu lilikuwa lile lile: tafuta mfadhili. Waandikie watu wa nje, watajaza kontena. Nililisikia kwa shangazi, nikalisikia kwa jirani, nikalisikia kazini, na mwaka 2021 nikalifuata. Ushauri ule ulitupotezea mwaka mzima, na Januari watoto wakarudi darasani vile vile, kaptula zimetoboka nyuma na madaftari ya mwaka jana yamegeuzwa upande wa pili.

Shule niliyosoma iko milimani Lushoto, mkoani Tanga, juu ya mji mdogo wa Mlalo. Watu wa Dar hudhani sweta ni pambo la sare. Waje kule Julai saa moja asubuhi, ukungu umeshuka hadi kwenye migomba, wamwone mtoto wa darasa la kwanza amekunja mikono ndani ya shati jembamba, kalamu haishikiki kwa baridi. Ada hakuna, na serikali hutenga ruzuku, shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi wa msingi kwa mwaka. Lakini ruzuku haimvishi mtoto. Sare, viatu, madaftari na penseli ni juu ya mzazi, na mzazi wa kule akiwa na watoto wanne shuleni, Januari inamkuta mfuko mtupu.

Kaka yangu, mtoto wa mama mdogo, anaishi Ujerumani. Nilipomwomba hakusita. Alizunguka kanisani kwao na kazini kwake, akakusanya maboksi tisa, akalipia nafasi kwenye kontena la pamoja. Mzigo ulipofika bandarini ndipo nilipoanza shule upya. Wakala wa forodha ana ada yake, ghala lina ada yake ya kila siku, kisha ushuru, kisha VAT ya asilimia 18. Nikauliza, jamani, hivi ni vitu vya msaada, hakuna msamaha? Nikajibiwa kwamba msamaha huombwa kabla mzigo haujafika, tena na taasisi iliyosajiliwa, si mtu mmoja mwenye simu mkononi. Tukalipa. Laki nane na kitu, ukijumlisha nauli zangu za kwenda na kurudi.

Kisha tukafungua. Mabegi yalikuwa mazuri sana, mengine yanavaliwa hadi leo. Lakini kulikuwa na mafaili ya pete mbili ambayo hakuna mwalimu kule mwenye karatasi za kuyajaza, na kalamu za wino zinazotaka katriji zao maalumu, ambazo hata Dar sijaziona. Daftari la mwandiko halikuwemo hata moja. Niliumia kwa sababu watu wale walitoa kwa moyo, na kaka yangu alibeba maboksi yale mgongoni. Nilimwambia ukweli wote kwa simu. Alinyamaza kidogo, akasema, "Sasa mwaka ujao nitume pesa?" Nikamwambia ndiyo, tuma pesa, vitu viko Kariakoo.

Ndipo nikafanya jambo ambalo ningelifanya mwanzo: nikampigia mwalimu mkuu, nikamuuliza anataka nini. Alinisomea orodha papo hapo, kama mtu aliyeisubiri miaka. Penseli, si kalamu, maana darasa la kwanza na la pili wanaandika kwa penseli na wachangiaji wote huleta kalamu za bluu. Vichongeo, kwa sababu watoto wanachonga kwa wembe na wanakatana vidole. Madaftari ya mwandiko yenye mistari minne. Raba. Sweta. Ushungi mweupe kwa wasichana wa Kiislamu, ambao ni wengi. Viatu.

Pesa tulizipata kwa njia ya harusi. Sisi Watanzania kuchangia harusi tunajua. Mtu hana akiba lakini mchango wa harusi ya binamu wa jirani atautoa. Kwa hiyo kwenye kundi letu la WhatsApp la waliomaliza darasa la saba pale shuleni niliacha kusema "changieni elimu", maneno ambayo hayajawahi kumtoa mtu shilingi. Nilikaa na mwalimu tukapiga hesabu ya mtoto mmoja kutoka kichwani hadi miguuni, ikaja elfu hamsini na tano hivi, kisha nikatengeneza kadi kama ya harusi: "Familia yetu inakuomba umvishe mtoto mmoja wa darasa la pili." Kukawa na daftari la ahadi, tarehe ya mwisho, na dada mmoja mkali wa kukumbushia, yule yule tunayemtumia kwenye kamati za harusi. Fedha ziliingia M-Koba, akaunti ya kikundi kwenye simu, ili kila mmoja aone zilizoingia na zilizotoka. Wale waliokuwa wakinyamaza kwenye kundi miaka mitatu walitoa mtoto mmoja, wengine wawili. Kaka wa Ujerumani alichukua sita.

Sasa viatu. Mwaka wa kwanza nilinunua kwa kukisia umri. Mwalimu alinipa idadi na madarasa, nami nikasema mtoto wa miaka saba ni namba 30, wa tisa ni 32, nikanunua jozi arobaini na kitu za viatu vyeusi, vipya, vya kufunga kamba. Nilisafiri navyo mwenyewe. Siku ile sitaisahau. Mtoto aliyetembea peku tangu alipoanza kutembea ana mguu mpana mbele, vidole vimetanuka, na viatu vile vilikuwa vyembamba kama vya ofisini. Msichana mmoja wa darasa la tatu alisukuma mguu wake ndani, akasimama, nikamuuliza vinakaa? Akasema vinakaa. Nikamwambia atembee. Akatembea hadi mlangoni bila kukunja uso, na alipovivua nikaona vidole viwili vya mwisho vimekuwa vyeupe kwa kubanwa. Angevivaa hivyo hivyo mwaka mzima, kwa kuogopa nisije nikavichukua. Zaidi ya nusu ya jozi zile hazikumfaa mtu.

Nilirudi Dar nikamweleza muuza viatu vya mtumba pale soko la Karume, mzee ambaye ameuza viatu kabla sijazaliwa. Akaniambia, "Mwanangu, namba ya kiatu ni ya kiwanda. Niletee mguu." Nikacheka kidogo, kumbe alimaanisha. Niletee mguu!

Desemba iliyofuata, kabla shule hazijafungwa, walimu walikata maboksi ya chumvi na sabuni, kila mtoto akakanyaga kipande, mwalimu akazungushia penseli. Wakakata kwa kufuata mstari. Kila kipande kina jina la mtoto na darasa, na vimefungwa kwa uzi darasa kwa darasa. Mfuko mzima wa nyayo ulishuka Dar kwa basi. Nilipoufungua sebuleni nilikaa kimya. Vingine ni vidogo kama kiganja changu. Nyayo moja ilikuwa na penseli iliyoruka ruka pembeni, mtoto alikuwa anatekenywa.

Pale Karume mzee alichukua kipande, akakiingiza ndani ya kiatu hadi kikalala bapa. Kikijikunja pembeni, kiatu ni chembamba, weka chini. Kikilala na mbele ikabaki nafasi ya kidole gumba, chukua. Tulifanya hivyo kwa siku mbili, jozi moja baada ya nyingine, na kipande cha boksi tukakiacha ndani ya kiatu chake ili jina lisipotee. Viatu vya mtumba vya ngozi, soli bado nene, vilitugharimu chini ya vile vipya vya mwanzo. Mtu akikuambia mpe mtoto kiatu kipya hata kikiwa cha plastiki, ilimradi kinang'aa, usimsikilize. Njia ya mlimani inakimaliza kabla ya Pasaka.

Madaftari nilinunua kwa jumla Kariakoo, na hapo nina ujanja wangu. Chukua daftari la mfano, andika kwa penseli, futa kwa raba, andika tena mahali pale pale, futa tena. Karatasi nyepesi itatoboka mara ya pili. Mtoto wa darasa la kwanza anafuta zaidi ya anavyoandika, kwa hiyo daftari la bei ya chini linageuka matundu kufikia Machi. Pia hesabu kurasa mwenyewe. Wauzaji wawili walinikasirikia, wa tatu akanipa kiti. Nikanunua kwake katoni zote na risiti akanitolea bila kuombwa.

Sare na sweta sikununua Dar kabisa. Kuna mafundi wawili wa cherehani jirani na shule na mama mmoja wa Mlalo mwenye mashine ya kufuma sweta. Tukawapa kazi wao. Wanajua rangi ya sweta ya shule yetu, mtoto akija kupimwa ni hatua chache, na pindo la sketi wanaliacha refu ili lishushwe mwaka unaofuata. Nikijumlisha, bei ni ile ile ya Kariakoo au juu kidogo, ila pesa imebaki kijijini.

Ugumu uliobaki ulikuwa kupandisha mzigo. Ofisi ya vifurushi ya basi ilinitajia bei iliyonikata maini, na basi lenyewe linaishia Lushoto mjini. Nilikuwa naenda Ilala sokoni kununua mboga, kama kila Jumamosi, nikasikia vijana wanashusha karoti wanaongea Kisambaa. Nikasimama. Karoti zile, kabichi zile, hoho zile zote zinatoka kwetu! Lori linashuka usiku limejaa, asubuhi linauza, jioni linapanda na matenga matupu. Nikamfuata dereva. "Mgosi, unarudi lini?" "Leo jioni, dada." "Unapita Mlalo?" Akanitazama kama nimemuuliza kama anapita kwao nyumbani, na kumbe ndiyo nilichomuuliza. Binti yake anasoma shule ya jirani na yetu. Alikataa nauli. Nilimlazimisha achukue ya chakula na ya vijana wa kupakia.

Tulitandika magunia makavu ndani ya matenga, maana karoti zinaacha unyevu na daftari likilowa limekwisha. Juu turubai. Lori likapanda usiku kupitia Segera na Mombo, na asubuhi mwalimu mkuu akanipigia: mzigo upo, tenga moja lina harufu ya karoti, kila kitu kikavu. Tangu siku hiyo sijalipa kifurushi.

Upande wa makaratasi ni mfupi: mtendaji wa kijiji na afisa elimu kata wajue mapema, kamati ya shule ipokee, kila kitu kiandikwe kwenye leja, pande zote zisaini. Mwalimu mkuu anayepokea vitu bila hayo anajitafutia matatizo, usimweke pabaya.

Jambo ambalo lilinikosesha usingizi ni nani apewe. Shule ina watoto zaidi ya 400 na sisi tulikuwa na vya 58. Mwanzo tulichukua orodha ya kaya za TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, tukaona inawaacha watoto wanaolelewa na bibi zao wakati mama yuko Dar anafanya kazi za ndani. Walimu wa madarasa wanawajua. Wanajua nani anakaa dawati la nyuma ili asisimame mbele ya wenzake. Orodha ikatoka kwao, kamati ikaipitia.

Na hatukufanya sherehe. Kiongozi mmoja alitaka kuwa mgeni rasmi, kuwe na picha, watoto wapange mstari wameshika madaftari kifuani. Nilikataa, na nilimkatalia mtu mkubwa kwangu kwa umri, jambo ambalo kwetu si dogo. Lakini nilimkumbuka mwenzangu wa darasa la nne aliyepewa shati mbele ya shule nzima mistarini. Lile shati aliitwa nalo mpaka tukamaliza la saba.

Kwa hiyo tulimfanya fundi awe duka. Mzazi anaitwa na mwalimu peke yake, anaambiwa nenda kwa fundi, kuna mzigo wako. Anafika na kanga yake, anakabidhiwa mfuko: sare, sweta, viatu, madaftari. Anaondoka kama mama yeyote aliyekwenda kuchukua nguo alizoshonesha. Nyumbani mtoto anaona mama amerudi na sare, basi. Fundi aliniambia bibi mmoja alikagua mishono yote, akarudisha sketi, akasema kifungo hiki kimelegea, kaza. Fundi akakaza. Nilifurahi kuliko shukrani zote, kwa sababu mtu hukagua kilicho chake.

Mwaka huu orodha ina watoto 71. Mfuko wa nyayo umefika juzi, uko mezani ninapoandika. Vipande vya zamani nimevihifadhi kwenye boksi chini ya kitanda, na jana usiku nilimtafuta yule msichana aliyetembea hadi mlangoni bila kukunja uso. Nimeweka kipande kipya juu ya kile cha mwisho. Mguu umezidi kidole kizima.