Nilivyofuatilia korona kwenye timu ya raga

Mwaka 2020 nilikuwa kitengo cha tiba cha klabu moja ya Super League, kaskazini mwa Uingereza. Hii ni raga ya wachezaji 13 kila upande, mchezo wa watu wa Wigan, Leeds, Hull na miji iliyo kati yao. Ligi ilisimama Machi, ikarudi Agosti bila mashabiki na bila skramu, ule msukumano wa wachezaji walioshikana kwa mabega, ili wachezaji wasibanane uso kwa uso. Kisha majibu ya PCR, kipimo cha korona cha maabara, yakaja: baadhi ya wetu wana virusi, na wameshacheza mechi.

Vidole vyote vilinyooshewa uwanja. Ilibidi tuanzie huko, kwa sababu mpinzani aliyehesabiwa kuwa alikaribiana na mgonjwa alitakiwa kujitenga siku 14. Tulirudia video, tukiisimamisha kila mgonjwa alipokaba au kukabwa: nani yuko uso kwa uso naye chini ya mita moja, kwa muda gani? Vifaa vya GPS wanavyovaa mgongoni vilisaidia kupima ukaribu. Mtu akiangushwa utadhani kafukiwa na miili, lakini nyuso huelekea huku na huku, na sekunde chache baadaye kila mmoja kasimama, tena ni nje, hewa inapita. Wapinzani wale hawakuugua. Utafiti uliochapishwa 2021 katika jarida la British Journal of Sports Medicine, kuhusu wachezaji 8 wa ligi hiyo waliocheza mechi 4 wakiwa na virusi, nao haukuona kukabana kuwa ndiko kulikoeneza ugonjwa.

Basi virusi vilipita wapi? Hapo kazi ikawa mahojiano. Ukimuuliza mchezaji "ulikutana na nani?" atakwambia hakuna, anaogopa kumkosesha mwenzake mechi. Swali hilo nililitupa. Niliahidi kwamba atakachosema hakifiki kwa kocha, kisha nikamwomba anisimulie siku zake kuanzia mbili kabla ya dalili. Umefikaje mazoezini? Nani kaendesha? Ulikaa kiti kipi? Madirisha yalikuwa wazi? (Mvua ya huko kaskazini ilinijibu hilo kabla yao: yalifungwa.)

Wengi hukaa mbali na uwanja, kwa hiyo hupanda gari moja na kuchangiana mafuta, wakiikata barabara kuu ya M62 huku wanapiga soga. Dakika 15 ndani ya mita mbili zilitosha kumhesabu mtu kuwa alikaribiana na mgonjwa. Wao walizimaliza kabla ya kuingia barabara kuu. Nilichora magari kwenye karatasi, kila kiti na jina lake na tarehe ya dalili. Wagonjwa wakajipanga gari kwa gari. Mmoja tu hakuwa na gari la kumweka, naye alikuwa amekula chakula cha jioni nyumbani kwa mwenzake.

Tangu hapo kila mchezaji alikuja peke yake. Nani alipe mafuta? Mabishano na mhasibu yalichukua muda mrefu kuliko uchunguzi wenyewe, lakini klabu ililipa.