Msonobari wa Tudor

Juni 2014, masika yakikatika na kusi imeshashika, tuliitwa nyumba moja ya mtaa wa Tudor, Mombasa, kuutazama msonobari uliokuwa unageuka rangi. Bi Mkubwa, mwenye nyumba, aliletewa na mwanawe kutoka kitalu cha Limuru: mti wa kimo cha goti, miaka miwili ardhini. Nilichuma kijitawi nikahesabu sindano. Mbili mbili, fupi, ngumu. Basi haukuwa ule wa Mexico unaopandwa sana bara, ambao sindano zake huning'inia na aghalabu hutoka tatu tatu. Huu ulikuwa msonobari wa mlimani, wa Alpi na Karpati, mti unaozoea kuinamishwa na theluji na ambao kwa mwaka huongeza sentimita chache tu.

"Majirani wanasema chokaa ya Mombasa ndiyo inauua," Bi Mkubwa alituambia. "Ati jiwe letu halifai."

Jiwe letu lilionewa. Kwao mti huu huota juu ya miamba ya chokaa bila taabu. Tukaomba ruhusa tuchimbue.

Shimo lilikuwa limechongwa kwenye jiwe la matumbawe, mraba wa nusu mita, kisha likajazwa udongo mzito wa mfinyanzi na samadi tele. Matumbawe yenyewe hupitisha maji, lakini mfinyanzi ulikuwa umeziba matundu yake, na shimo likawa birika. Mti ulipotoka tulilijaza maji pomoni, tukasimamisha rula. Saa nzima, hayakushuka hata sentimita moja. Shimo la msonobari lipoteze kama sentimita 5 kwa saa. Likishindwa, panda juu ya tuta au kwenye chungu, usihangaike kulirekebisha kwa kutia kokoto chini.

Nilishika mzizi mmoja mwembamba kwa vidole viwili nikauvuta. Ganda lote likavuka kama mkono wa kanzu, nikabaki na uzi wa kahawia. Harufu ya kinamasi ikanipanda puani. Mzizi uliofika hapo haurudi, na dawa yoyote utakayomwagia ni hasara. Karibu na uso wa udongo tu ndiko tulikoona uhai: ncha nyeupe zilizogawika mfano wa herufi Y, zimevikwa utando wa kuvu. Kuvu huyo ndiye anayeusaidia msonobari kupata chakula, kwa hiyo mizizi yake haioshwi ikatakata. Tuliuachia theluthi ya udongo wake wa zamani.

Makosa mengine mawili yalijitokeza. Shina lilikuwa limefukiwa sentimita 8 juu ya pale mizizi inapoanzia, na mizizi mikubwa ilikuwa bado inazunguka kwa umbo la mfuko wa nailoni, kama kamba iliyoviringwa. Hiyo, usipoikata siku ya kupanda, itakuja kulikaba shina. Na sindano za zamani zilianza kukauka nchani: dalili ya chumvi. Nikaonja maji ya kisima cha uani. Yalikuwa ya chumvi waziwazi.

Tulikata mizizi iliyooza hadi penye nyama nyeupe, kwa mkasi uliofutwa spiriti kila mara. Chungu cha udongo cha upana wa sentimita 40, chenye matundu, kikapokea mafungu 2 ya kokoto ndogo, fungu 1 la mchanga wa mto (si wa bahari kamwe) na fungu 1 la majani ya mvinje yaliyooza vizuri. Shingo ya mizizi ikabaki juu, ikionekana. Kisha jua la asubuhi, kivuli cha alasiri, maji ya mfereji yasiyo na chumvi pale tu kidole kinapoingia hadi pingili ya pili bila kukuta unyevu. Mbolea hapana, na mishumaa, yaani machipukizi mapya yanayosimama wima nchani mwa matawi, isiguswe mwaka huo. Mti ukishapona ndipo unavunja nusu ya kila mshumaa kabla sindano hazijafunguka. Ukikata nyuma zaidi, kwenye tawi tupu lisilo na sindano, hapachipui tena.

Bi Mkubwa akauliza kama sasa utaishi. Nilimweleza kwamba maji tumeyatatua, joto hapana. Mti huu hupumzika kwa baridi, na usiku wa Mombasa ni wa joto mwaka mzima. Utajitahidi, mishumaa itafupika mwaka hadi mwaka, mwisho utachoka. Msonobari wa Karibi ungestahimili pwani, lakini huo hupita mita 20 na ua wa nyumba yake ulikuwa mdogo.

Alikaa kimya, kiganja juu ya ukingo wa chungu.

"Nina mjukuu Wundanyi, milimani Taita," akasema. "Huko usiku watu hujifunika blanketi."

Tuliupumzisha siku 40 upate mizizi mipya. Mwisho wa Julai chungu kikafungwa gunia bichi, shina likaegemezwa kijiti, kikapanda matatu ya Voi ndani, miguuni pa mjukuu, si juu ya keria.