Siku Yangu Juu ya Mabati, Nakuru

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi niko stejini na begi mgongoni: spana, mita ya kutafutia mawimbi, waya. Ngazi imefungwa kwenye boda. Kufikia saa nne nimemaliza nyumba mbili Lanet.

Saa nne na nusu, Kiamunyi. Mtu alifunga kamba ya kuanikia nguo kwenye nguzo ya dishi, dishi likasogea, picha ikapotea wiki nzima. Nalirudisha. Mama mwenye nyumba amesimama chini, mikono kiunoni.

"Fundi, mbona linatazama juu hivyo, linangoja mvua? La jirani limeelekea Njoro!"

Nashuka. "Mama, la jirani linatafuta setilaiti nyingine, ya longitudo ya digrii 7 mashariki, nasi huku tuko karibu digrii 36, ndiyo maana limegeukia magharibi. Yako iko digrii 36, juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka hapa chini. Iko karibu juu ya Mogotio kabisa. Inazunguka sambamba na dunia, haibanduki hapo."

Hakubali. Napanda, nalipinda kidogo anavyotaka. Mita inanyamaza, runinga inakuwa nyeusi. Nalirudisha. Anamwita mwanawe naye ajionee. Napanda tena. Mabati sasa yanachoma magoti. Kwa umbali ule, digrii 1 ni zaidi ya kilomita 600 pembeni, nami naitafuta kwa spana, nati ikisogea kidogo kidogo. Watu hudhani wanatulipa kwa kupanda ngazi.

Setilaiti yenyewe ni Eutelsat 36D. Ilirushwa kwa roketi ya Falcon 9 kutoka Florida, usiku wa kuamkia Machi 31, 2024 kwa saa zetu. Nilikesha nikiitazama kwa simu. Ilikwenda kuchukua nafasi ya 36B, iliyorushwa 2009, na kwa injini zake za umeme ilipanda taratibu, miezi. Safari yote hiyo, halafu mtu anakosa taarifa ya habari kwa sababu ya kamba ya nguo. Huniuma.

Mchana umepita, nimekula ndizi mbili tu. Mvua ikashuka kutoka Menengai, simu zikaanza, mama wa Kiamunyi wa kwanza. Matone yanameza mawimbi, namwambia, subiri ipite.

Giza limeingia, niko juu ya paa Shabab, tochi mdomoni. Anapiga tena.

"Fundi, yangu imerudi. Ya jirani bado."