Hijama yangu ya kwanza, na blauzi inayofungukia mgongoni

Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kipo karibu na soko la Majengo hapa Dodoma. Miaka 13 nimeinamia mashine, mpaka shingo ikagoma. Ikifika saa tisa alasiri kichwa kinakuwa kama nimejitwisha ndoo ya maji. Dawa za maumivu nimezimeza hadi kijana wa duka la dawa akiniona kwa mbali anaanza kukata karatasi.

Hijama yenyewe, yaani kuumikwa: kutolewa damu kwa vikombe vinavyovuta ngozi, si ngeni kwetu. Bibi yangu kule Kondoa alikuwa anaumika watu kwa pembe la ng'ombe lililotobolewa nchani: anafyonza hewa kwa mdomo, kisha anaziba tundu kwa nta. Hiyo ndiyo chuku. Mimi nilikuwa namshikia kibatari huku nimefumba macho, na mpaka leo sindano naiogopa kuliko nyoka. Kwa hiyo nilipoamua kwenda nikauliza watu, na hapo ndipo nilipoharibu.

Wifi yangu akaniambia, "Wifi, siku hiyo usile wala usinywe hata tone tangu alfajiri. Mwili ukiwa mkavu ndiyo damu chafu inatoka yote." Aliongea kwa uhakika wa mtu aliyefanyiwa mara ishirini. Baadaye nikajua hajawahi kufanyiwa hata mara moja, na huko kutoka yote ni chuku ile nyingine, ya maneno.

Basi nikatia nia, nikafunga Alhamisi. Kalenda ya simu ilikuwa inasema leo mwezi 17, na sisi tunazitafuta tarehe 17, 19 na 21 za mwezi mwandamo kwa sababu ndizo zilizotajwa katika hadithi za Mtume kuhusu hijama. Nikaona yote yamekaa sawa. Nikashona mpaka laasiri, halafu kwa ubahili wangu nikaacha bajaji nikaenda kwa miguu mpaka Chang'ombe, na ule upepo wa Dodoma unaokupulizia vumbi puani. Nimefika mdomo umekauka, mate hakuna. Nikaketi kwenye mkeka. Nyuma ya pazia kulikuwa na mama anafanyiwa, nikasikia ile pampu inavuta hewa: ti, ti, ti. Halafu sauti ya ukhti mhudumu, "Sasa nakuchanja, taja jina la Mwenyezi Mungu."

Nilichokiona baada ya hapo ni feni ya dari.

Nilikuwa nimelala chali, nimelowa maji, na watu wanne juu yangu. Dera limepanda hadi mabegani kwa sababu walikuwa wananipepea, ushungi uko upande wake. Wakaninywesha maji yenye sukari, funga ikaishia hapo. Yule ukhti mhudumu mwenye vikombe, mama wa makamo, alicheka mpaka akashika ukuta. "Mwanangu, wembe hata sijaufungua!" Akatazama kalenda yake ya ukutani, akaongeza, "Tena leo ni 16. Hiyo simu yako imeandama mwezi wa kwao."

Hijama inafaa siku yoyote mtu akiihitaji, aliniambia hivyo, ila hali niliyokuwa nayo asingenigusa. Akanipangia Jumapili, mwezi 19. Na maneno ya wifi akayafuta moja moja. Chakula kizito ndicho cha kuacha, saa mbili tatu kabla, usije ukatapika. Maji kunywa, tena uanze tangu jana yake. Kuhusu kufunga, Mtume (s.a.w.) imepokewa kwamba aliumikwa akiwa amefunga, na sisi Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafi, tunasema haifunguzi, lakini ikiwa itakudhoofisha ni makuruhu, yaani bora uiache. "Na wewe," akasema, "umedhoofika kwa sauti ya pampu tu."

Akaniuliza kama nina presha, sukari, ujauzito, kama niko kwenye siku zangu, kama natumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi. Zile dawa zangu za maumivu nikazitaja kwa aibu, akataka nimletee karatasi zake azione, maana aspirini na wenzake hufanya damu ichelewe kukata. Jumamosi nikapima wingi wa damu kwenye zahanati, ikaja 12 na pointi, nikaruhusiwa.

Ila kilichonikera zaidi ni lile dera. Fundi mzima naumbuka kwa nguo! Ijumaa usiku nikakata kitenge cheusi chenye maua ya rangi ya damu ya mzee. Usichague cheupe. Nikashona blauzi mbele imefunga mpaka shingoni, nyuma imepasuliwa yote. Kwanza nikaweka vifungo vitano mgongoni. Nikaivaa kwenye kioo, nikajaribu kujifunga mwenyewe, mkono haufiki, na hapo mgongo ni mzima! Ukishachanjwa itakuwaje? Nikafumua. Safari ya pili nikapanua vipande vya nyuma vipitane kama mbele ya kanzu ya kulalia, nikatia kifungo kimoja cha kubonyeza kisogoni, na kanda mbili ndefu zinazozunguka kiunoni na kufungwa tumboni. Unalala kifudifudi, mtu anafungua kisogoni, anaweka vipande kulia na kushoto kama kitabu, na wewe huku mbele umesitirika kabisa. Baba watoto aliniona naigaragaza kitandani usiku wa manane nikiijaribu, akageukia ukutani bila kuuliza.

Jumapili nikala uji wa uwele asubuhi na mapema, nikanywa maji mpaka tumbo linacheza, nikapanda bajaji. Mama alipofungua kile kifungo alisema, "Alaa!" tu, akamwita mwenzake aje aone.

Wembe nilitaka ufunguliwe mbele ya macho yangu, glavu mpya, vikombe vipya. Homa ya ini haichagui nia yako. Hakuona vibaya, alisema anayeuliza ndiye anayempenda. Vikombe saba, katikati ya mabega na shingoni. Kwanza vinavuta bila kuchanja, ngozi inainuka kama andazi. Baada ya dakika chache anaving'oa, anachanja vichanjo vidogo, anavirudisha. Nilikuwa nimejiandaa kwa kifo, kumbe ni kama kuparuzwa na kucha za mtoto. Iliyotoka iliganda kikombeni kama maini mabichi. Niliiangalia mara moja, ikatosha.

Gharama ilikuwa kama elfu ishirini na kitu, na maji na nauli juu. Wifi alidai kitu cha sunna hakilipiwi. Abu Taiba alipomuumika Mtume alilipwa tende, sasa wewe nani?

Nilipakwa asali, nikaambiwa nisioge mpaka kesho yake na nisibebe ndoo. Maduara yalikaa mgongoni wiki nzima na zaidi. Shingo imelegea, alhamdulillahi, ingawa wiki hiyohiyo kijana wangu aliinua meza ya cherehani kwa matofali mawili, kwa hiyo sifa nawagawia wote.

Blauzi nimeshashona sita za watu. Juzi kaja wifi, anataka yake iwe ya kijani kibichi. Nikamwambia kijani kitaonyesha damu. Anasema yeye hatatoka damu nyingi, atafunga.